Miti ya 1:87 kwa modeli ya reli na ufuo wa Ziwa Nakuru: inaonekana kama sponji kwenye kijiti, nirekebishe wapi?

Reli_Ndogo (Nakuru)

Hamjambo wote. Niko na modeli ya kipande cha reli ya mita (ile yenye nafasi ya mita moja kati ya vyuma vyake) kwa skeli ya 1:87, juu ya ubao wa sentimita 120 kwa 60. Mbele ni ufuo wa Ziwa Nakuru wenye migunga ya manjano. Katikati inapita reli, na kando yake nyumba mbili za mawe zenye jakaranda uani. Nyuma ni mteremko wa misaiprasi na mikaratusi. Hesabu yangu ni migunga minane, jakaranda nne, euforbia tatu na miti ya nyuma kama arobaini.

Kiunzi cha mti ninakisokota kwa nyuzi sita za waya wa kufungia nondo. Shina ninalipaka jasi iliyokorogwa kwa maji, kisha rangi ya kahawia. Juu ninabandika vipande vya sponji ya godoro vilivyochovywa kwenye rangi ya kijani na kunyunyiziwa unga wa mbao.

Mti ukikauka ni donge la sponji lililochomekwa kwenye kijiti. Jasi inapasuka na kubanduka ukigusa tawi tu. Baada ya wiki moja madoa ya kutu yanatokeza juu ya rangi. Msokoto wa waya unaonekana kama skrubu toka mizizini hadi juu. Na ukiinua mti, unga wa majani unamwagika mezani.

Naomba mnipe vipimo: waya gani, nyuzi ngapi, gundi kiasi gani.

Nyuzi_Shaba (Kisumu)

Ndugu Reli_Ndogo, shida ya donge inatokana na jambo moja: unatoka kwenye waya mnene na kurukia majani. Mti una matawi, halafu vitawi vyembamba mno, ndipo majani. Vitawi ndivyo vinavyoyashika majani mbalimbali ili mwanga upite kati yake. Ukiviruka, sponji inabebeshwa kazi isiyoiweza.

Anza na waya. Ule wa nondo una unene wa mm 1.2 hadi 1.6. Zidisha kwa 87 uone: kitawi chako chembamba kuliko vyote ni gogo la sentimita 10 hadi 14. Tena ni chuma, na gundi ya maji, jasi na rangi ya maji vyote vinauamsha kutu. Ukilazimika kuutumia, upake kwanza praima nyekundu ya mafuta na uiache ikauke siku nzima. Lakini afadhali uuache.

Nunua waya laini wa stima, ule wa kutengenezea ekstensheni, si ule mgumu wa kupitisha ukutani. Waya laini wa 2.5 mm² una nyuzi 50 za shaba, kila unyuzi mm 0.25. Wa 4 mm² una nyuzi 56 za mm 0.3. Unyuzi wa mm 0.25 kwa skeli yako ni kitawi cha sentimita 2 hivi, na hapo ndipo mti unapoanza kuaminika. Kabla ya kulipa, kwangua unyuzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Itakatika ukiisokota mara ya pili.

Kwa mgunga wa mm 180, kata vipande viwili vya waya wa 4 mm², kila kimoja sentimita 26. Pasua ganda la plastiki kwa wembe toka mwisho hadi mwisho. Usilivute, kwa sababu kuvuta kunazikunja nyuzi. Weka vipande pamoja, sasa una nyuzi 112. Funga fundo la unyuzi mmoja sentimita 4 kutoka chini. Chini ya fundo hilo, chukua nyuzi 30, zigawe mafungu matano na uzitandaze kama mizizi. Zilizobaki zisokote ziwe kigingi cha kupandia, ukikate kibaki sentimita 1.5.

Juu ya fundo, sokota shina sentimita 3 tu. Kisha gawa nyuzi 112 mafungu matatu yasiyolingana: 48, 36 na 28. Kila fungu lisokote sentimita 3 au 4, uligawe tena kwa uwiano wa karibu 60 kwa 40, na uendelee hivyo mpaka ubaki na nyuzi 3 au 4 katika kila tawi. Hizo za mwisho zisokote mara mbili tu, kisha ziachane wazi mm 8 hadi 10. Usigawe nusu kwa nusu hata mara moja. Mti wa nusu kwa nusu unakuwa kama uma wa kulia chakula, kila tawi na pacha wake.

Sokota kuelekea upande uleule ambao kiwanda kilisokota nyuzi. Ukigeuza upande, zitafunguka polepole zenyewe. Na tumia vidole. Koleo linaichubua shaba, halafu shaba ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja inakuwa ngumu na kukatika. Umbo la tawi liamue mapema, usirudi kulinyoosha mara tano.

Sasa gome. Jasi peke yake haina mnyumbuko wowote, ndiyo sababu inabanduka. Changanya gundi nyeupe ya mbao vijiko 2, unga laini wa kujazia nyufa za ukuta kijiko 1, na rangi ya akriliki robo kijiko. Ongeza maji kwa matone mpaka mchanganyiko uwe mzito kama mala. Lakini mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, usiupake mzito hivyo. Chukua sehemu yake, uilainishe kwa maji hadi iwe kama maziwa, uipake iingie katikati ya nyuzi. Ikikauka, paka mikono miwili ya ule mzito. Brashi ipite toka chini kwenda juu, kamwe isizunguke shina. Baada ya mkono wa pili, kabla haujakauka, pitisha kidole chenye maji kwa urefu wa shina. Hapo ndipo skrubu yako inapopotelea.

Kila mkono usizidi nusu milimita. Tabaka nene hukauka ngozi ya nje kwanza, ndani bado mbichi. Ndani ikija kunywea, ngozi inapasuka. Nakuru penye upepo mkavu, ipe muda wa saa nne hadi sita kati ya mkono na mkono. Huku kwetu msimu wa mvua, ni usiku kucha. Ukimaliza, shina litakuwa na unene wa mm 4.5 hadi 5, yaani kama sentimita 40 za kweli, na hiyo inatosha kwa mgunga wa kimo hicho.

Gundi ya bunduki, ile ya kuyeyushwa kwa moto, usiitumie kwenye gome. Inang'aa, inaacha nyuzi kama za buibui, na rangi inaiteleza.

Gome_la_Njano (Nakuru)

Mwenzangu ameeleza waya vizuri. Mimi niseme juu ya umbo, maana kiunzi kizuri cha mti usiokuwepo pale ziwani hakitasaidia.

Watu wengi wakisikia mgunga wanatengeneza mwavuli. Mwavuli ni wa mgunga wa nyika kavu, Vachellia tortilis. Mgunga wa ufuo wa Nakuru ni Vachellia xanthophloea, ambao vitabu vya zamani vinauandika Acacia xanthophloea. Matawi yake makubwa yanapanda kwa mshazari, halafu yanatanuka huko juu yakibeba majani kwa mafungu mepesi yaliyopishana, mbingu ikionekana kati ya fungu na fungu. Sehemu ya chini ya kichwa haijanyooka kama meza. Kwa hiyo ukigawa zile nyuzi 112, acha pembe kati ya matawi makuu iwe digrii 40 hivi, kisha pinda ncha tu zilale.

Kimo chake cha kawaida ni mita 15 hadi 25. Kwa skeli yako hiyo ni mm 172 hadi 287. Ubao wenye kina cha sentimita 60 hauwezi kubeba mti wa mm 287 mbele. Utaimeza reli yote. Baki kati ya mm 160 na 200 na uibadilishe, minane isiwe na kimo kimoja. Panda mitatu karibukaribu, miwili mbali kidogo, mingine peke yake.

Rangi ya gome ndiyo roho ya mti huu. Ni manjano ya kijani yenye vumbi, na ni laini. Changanya njano ya udongo sehemu 5, nyeupe 2, kijani 1. Kahawia isiingie popote. Kwenye mapanda ya matawi pitisha maji ya rangi ya kijani iliyofifia, yatulie kwenye mikunjo. Kisha brashi kavu yenye njano iliyokolezwa nyeupe ipite upande wa juu wa matawi. Mwisho kabisa, chovya brashi laini kwenye poda ya watoto, ikung'ute, uipitishe shinani. Vanishi ya kung'aa itakuharibia kila kitu hapo. Na kwa sababu gome ni laini, msokoto wa waya unaonekana zaidi kwenye mgunga huu kuliko kwenye mti mwingine wowote, kwa hiyo ukimaliza mikono mitatu na bado unauona, sugua kwa msasa namba 400 na upake wa nne. Miiba usihangaike nayo, kwa skeli hii haifiki hata milimita moja.

Swali kwako: modeli yako ni ya miaka gani? Inabadilisha miti. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na jakaranda na mikaratusi ni miti ya kigeni iliyopandwa watu walipokuja kukaa. Ukifanya miaka ile ya mwanzo, usiweke jakaranda iliyokomaa. Ukifanya siku hizi, lazima uweke migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, kwa kuwa maji ya ziwa yamepanda sana tangu karibu 2010 na kuua mingi ya ufuoni. Hiyo iliyokufa inataka kiunzi safi kuliko yote, kwa sababu haina jani la kuficha kosa. Rangi yake ni kijivu cheupe, bila njano, na vitawi vya mwisho vikatwe vibaki vifupi.

Reli_Ndogo (Nakuru)

Asanteni sana. Ni miaka ya 1960, treni za mvuke, kwa hiyo migunga yote iko hai na jakaranda zimekomaa. Nimeelewa waya na gome. Bado mambo mawili: vitawi vyembamba vya katikati navitoa wapi, na majani yashikeje yasimwagike? Na unga wa mbao unafaa au niutupe?

Nyuzi_Shaba (Kisumu)

Vitawi vinatoka kwenye pamba ya kujazia mito, ile nyeupe ya plastiki, si pamba ya shambani. Chana fumba dogo kama karanga mbili, ulivute pande zote mpaka uweze kusoma gazeti ukiliweka juu yake. Likiwa bado linaficha herufi, ni zito mno, vuta tena.

Pamba hiyo ni nyeupe, na watu wengi wanakosea hapa: wanaibandika ilivyo, halafu mti unaonekana umefumwa na buibui. Rangi ya maji haiishiki vizuri. Itandaze kwenye kartoni na uipulizie rangi ya kopo, kijivu au kahawia isiyong'aa, ukiwa sentimita 30 mbali, mpulizo mwepesi mara mbili. Fanya nje, na funika pua.

Weka tone la gundi nyeupe kwenye ncha za nyuzi, laza utando juu ya tawi moja, ubonyeze kidogo. Mgunga mmoja unataka tando ndogo 12 hadi 18, kila moja ukubwa wa kucha ya dole gumba hadi mara mbili yake. Usifunike kichwa chote kwa utando mmoja. Ukifanya hivyo umerudi kwenye donge.

Njia ya pili, inayofaa zaidi kwa jakaranda iliyopukutika majani: nywele bandia za kusuka, za kahawia. Kata vipande vya mm 4 hadi 6, mimina gundi nyembamba kwenye ncha za matawi, geuza mti kichwa chini, nyunyiza. Vitasimama pande zote kama vitawi vya kweli.

Sponji_Laini (Kisumu)

Kuhusu unga wa mbao: usiutupe, lakini usiuweke mtini. Ukilowa gundi unakuwa mweusi na kulala chapa, na kila chembe ina umbo la kibanzi. Utumie ardhini. Mtini weka sponji iliyosagwa, kwa sababu chembe zake zina matundu, zinakaa juujuu na kushika mwanga.

Mabaki ya sponji utayapata kwa washona viti na magodoro. Hapa Kisumu tembea Kibuye penye mafundi wa viti, mifuko ya mabaki iko miguuni pao. Kata vipande vya sentimita 1. Tia kwenye blenda hadi theluthi, mimina maji hadi theluthi mbili, saga kwa sekunde 20, pumzisha, rudia mara nne au tano. Ukisaga kavu sponji inajisokota kwenye kisu na mota inapata moto. Blenda hiyo isirudi jikoni tena.

Kamua. Koroga akriliki sehemu 1 na maji sehemu 3, loweka usiku mmoja, kamua tena na utandaze kwenye gazeti kivulini. Siku mbili. Ikikauka itakuwa imeshikana. Ifikiche kwa mikono, kisha ichuje.

Kuchuja kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Piga hesabu ya jani. Jani la mwembe la sentimita 20 ni mm 2.3 kwa 1:87, kwa hiyo mwembe unachukua chembe za kubaki juu ya chujio la chai. Jani la mgunga ni vijijani vya milimita chache tu, haviwezi kuonekana kimoja kimoja hata ufanyeje. Mgunga unataka unga mwembamba kabisa, uliopita kwenye chujio la chai na ikiwezekana kwenye soksi ya nailoni. Mti wenye chembe kubwa kuliko inavyostahili unaonekana kichaka, hata kiunzi kikiwa kizuri namna gani.

Tengeneza kijani zisizopungua tatu. Kijani ya chupa usiitumie ilivyo, ni kali mno. Kila mara tia njano ya udongo na tone la nyekundu. Mgunga uwe kijani kijivu chepesi. Mkaratusi uelekee bluu na kijivu. Mwembe, kama utaongeza mmoja karibu na nyumba, kijani kizito chenye vishada vichache vya rangi ya shaba kwa majani mapya.

Sasa kushikisha. Maji sehemu 3, gundi nyeupe sehemu 1, matone mawili ya sabuni ya vyombo kwa kila kikombe. Bila sabuni, maji yanajikusanya kuwa shanga kwenye utando na majani yanashika kwa madoa. Nyunyiza mti, geuza kichwa chini, mwaga chembe nyeusi zaidi kwanza upande wa chini wa mafungu. Simamisha, mwaga ile ya wastani, kisha kidogo ya ile nyepesi juu kabisa. Kung'uta. Acha usiku. Kesho yake kung'uta tena kwa nguvu, kisha nyunyiza mkono wa mwisho, gundi 1 kwa maji 4. Mkono huo wa mwisho ndio unaoukosa, ndugu yangu. Unga ulioshikwa kwa chini tu utamwagika daima.

Wengine watakuambia utumie spirei ya nywele. Ni ya haraka, lakini kwenye unyevu wa ziwani inabaki inanata na kukusanya vumbi. Itumie tu kushikilia kwa muda kati ya tabaka mbili.

Jambo moja zaidi kuhusu sponji: jua linaila. Inageuka njano na kuvunjika kuwa unga. Rangi inaikinga kiasi, lakini modeli isikae dirishani.

Gome_la_Njano (Nakuru)

Dada Sponji_Laini amesema vizuri kuhusu chembe. Mimi naongeza kipimo cha kujua umefikia kiasi: inua mti mbele ya dirisha. Kwa mgunga, theluthi nzima ya kichwa iwe mwanga mtupu. Kwa jakaranda ya maua, robo. Mwembe ndio pekee unaoruhusiwa kuziba. Ukiona umezidisha, chomoa kwa kibano kabla ya mkono wa mwisho wa gundi.

Jakaranda. Mita 12 ni mm 138. Shina fupi, mapanda mapema, kichwa kipana kuliko kimo au sawa nacho. Waya wa 2.5 mm² mara mbili, nyuzi 100, unatosha. Inachanua zaidi Septemba hadi Novemba, na mara nyingi ina maua bila majani, kwa hiyo chagua msimu na uushike kwenye ubao wote: nyasi zako zisiwe kijani kibichi cha Mei chini ya jakaranda ya Oktoba. Zambarau yake inaelekea bluu. Bluu sehemu 4, majenta 1, nyeupe 3. Ukitumia nyekundu ya kawaida yenye uchungwa, unapata tope la kahawia. Ukizidisha majenta, unapata bogenvilia. Tengeneza vivuli viwili, cha pili kikiwa na nyeupe zaidi. Na usisahau kunyunyiza chembe hizohizo chini ya mti kwa duara linalolingana na kichwa, nyingi karibu na shina na chache pembeni. Jakaranda iliyochanua juu ya ardhi safi inadanganya waziwazi.

Euforbia hazitaki sponji hata chembe. Zile za mbuga ya Ziwa Nakuru ni Euphorbia candelabrum: shina fupi nene, kisha matawi mengi yaliyopinda kidogo na kusimama wima. Fanya mm 110 hadi 140. Hapa ndipo waya mgumu wa ukutani unafaa, ule wa 2.5 mm² wenye nyuzi 7 za mm 0.67. Chukua vipande vinne, nyuzi 28, sokota shina mm 30, kisha achilia nyuzi tatu au nne kila baada ya mm 5, uzipinde nje halafu ziende juu. Usizisokote huko juu, kila unyuzi ni tawi. Paka ule mchanganyiko wa mala mpaka tawi lifikie mm 1.2. Kisha kwa ncha ya kijiti cha meno dondosha matone madogo ya mchanganyiko kila mm 2 hadi 3, ili tawi lionekane limebanwa pingilipingili. Kingo za tawi hazionekani kwa skeli hii, lakini zile pingili zinaonekana, na bila hizo una kinara cha mishumaa tu. Kijani kizito, ncha zikiwa nyepesi zaidi, shina kijivu.

Dodoki_Kakamega

Miti arobaini ya nyuma usiisokote kwa waya, utamaliza mwaka. Tumia dodoki.

Misaiprasi: chukua kijiti cha mishikaki, kichonge kwa msasa kiwe chembamba juu, kikate mm 120 hadi 150. Menya dodoki kavu, kung'uta mbegu, kata duara zenye unene wa mm 6 hadi 8, kisha kila duara lipasue kwa unene liwe mawili au matatu, uyavute mpaka yawe wavu mwepesi. Loweka kwenye rangi ya kahawia iliyokolea, kausha. Toboa katikati na uyachomeke kwenye kijiti, makubwa chini yenye upana wa mm 30, madogo juu yenye upana wa mm 8, kama 15 kwa mti mmoja, kila moja likigeuzwa upande tofauti na tone la gundi chini yake. Punguza kwa mkasi ncha zisizo sawa, lakini usizilinganishe zote. Nyunyiza gundi, mwaga sponji ya kijani kizito. Miti kumi kwa jioni moja inawezekana kabisa.

Mikaratusi ya nyuma: kijiti hichohicho, mm 200, kipake krimu na kijivu kwa mistari mirefu ya gome linalobanduka, acha nusu ya chini wazi, juu weka vipande vidogo vya dodoki vilivyochanwa, mbalimbali. Mkaratusi ukijazwa sana unaonekana mpopla wa kadi ya Krismasi.

Dodoki na vijiti vina wadudu wanaotoboa. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki, uviweke kwenye friza siku tatu kabla ya kutumia. Usipofanya hivyo utaona vumbi la unga mwembamba chini ya miti miezi michache baadaye.

Mstari wa nyuma kabisa uwe mfupi zaidi, mm 80 hadi 100, na rangi zake zichanganywe na kijivu cha bluu kidogo. Jicho litaamini kwamba mlima uko mbali.

Reli_Ndogo (Nakuru)

Nimeandika yote. La mwisho: ardhi chini ya migunga, na mnapanda miti kabla au baada ya kumaliza reli?

Nyuzi_Shaba (Kisumu)

Baada. Toboa tundu la mm 4 kwa kila kigingi, chomeka miti bila gundi, kisha pitisha behewa lako refu kuliko yote polepole pande zote mbili. Kwenye kona, katikati ya behewa huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje, kwa hiyo jaribu pande zote za reli. Tawi likigusa, zungusha mti kwanza. Mara nyingi hutahitaji kulikata. Ukiridhika, ndipo utie tone la gundi nyeupe kwenye tundu, moja tu, ili siku ukitaka kuuchomoa usivunje ubao.

Mizizi isikae juu ya ardhi kama mguu wa kuku. Jaza kati yake kwa mchanganyiko uleule wa gome uliotiwa rangi ya udongo, kisha mchanga uliochujwa kwa soksi.

Takataka za chini ya miti: majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakaushwe juani mpaka yavunjike mkononi. Yakiwa na unyevu wowote yataota ukungu chini ya gundi. Mwaga machache, yabane kuelekea shina, ulowanishe kwa gundi 1 na maji 4 kwa kutumia bomba la sindano, si kwa kunyunyiza, maana mnyunyizo unayasukuma yote hadi kwenye reli.

Sponji_Laini (Kisumu)

Na kabla ya kulowanisha chochote karibu na reli, funika vyuma vya reli kwa utepe wa karatasi. Gundi ikikauka juu ya chuma, stima haipiti na injini itasimama hapohapo.